Mugongo wa mulimaji: nani aushike, na wakati gani wa kukimbia hospitali



Mu gazeti hili tunasemaga sana juu ya mbegu, udongo na bei. Leo tunazungumzia chombo kimoja ambacho hakuna koperative inayokiandikaga mu daftari ya vifaa: mugongo. Jembe likivunjika, mpini unabadilishwa siku ileile. Lakini mugongo ukimukamata mama mu mwezi wa 9, wakati wa kupanda maharagi ya sezoni A, shamba linabaki majani, na mu mwezi wa 1 nyumba inanunua chakula ambacho ingekuwa inauza.

Kila tunapopita mu vijiji tunaulizwa swali lilelile: «Mugongo inaniuma, niende kwa nani?» Kuna muuguzi wa kituo cha afya. Kuna kijana wa kuuza dawa ku soko. Kuna mzee anayekandaga na mafuta ya mawese na kuunga mifupa. Na siku hizi wenye simu wameona video za Marekani, mganga analalisha mutu ku meza, anamupindua, mugongo unalia «kwaa!», na mutu anasimama akicheka. Wanatuuliza: kitu kile ni cha kweli? Na sisi wa hapa tufanye je?

Tuanze na ile video.

Kazi ile inaitwa kiropraktiki. Ilianza Marekani mwaka 1895, mu muji wa Davenport, jimbo la Iowa, na mutu mumoja anayeitwa Daniel David Palmer. Hakuwa daktari, alikuwa akifanya kazi ile iliyoitwa uponyaji wa sumaku. Inasimuliwa kwamba alisukuma mufupa wa mugongo wa mufanyakazi mumoja, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, na yule akasema masikio yamefunguka. Kutoka pale Palmer akafundisha kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na mifupa ya mugongo iliyotoka kidogo mahali pake. Jina lenyewe limetoka mu Kigiriki, maana yake ni kazi ya mikono.

Mafundisho yale ya «magonjwa yote» hayakusimama. Malaria inaletwa na mbu, kolera inaletwa na mayi machafu, na hakuna kupindua mugongo kutakakoondoa hata kimoja. Mutu akikuambia atakuponyesha sukari, pumu ao utasa kwa kunyoosha mugongo, funga mfuko wako wa pesa. Hata ile sauti ya «kwaa» haimaanishi kwamba mufupa umerudi mahali pake. Ni hewa inayopasuka mu kiungo, sawa vile unavyolizaga vidole.

Lakini kwa maumivu ya mugongo yenyewe, mikono si bure. Mu mwezi wa 12 wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mugongo wa chini yanayodumu. Lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mugongo wa chini, ni kusema karibu mutu 1 kwa kila watu 13. Kati ya vitu ambavyo mwongozo ule unakubali kuna kumufundisha mugonjwa namna ya kujitunza, mazoezi ya mwili, masaji, na pia kusukuma mifupa ya mugongo kwa mikono kunakofanywa na mwenye kusomea. Vitu ambavyo unakataza kuwapa watu kila mara ni hivi: mikanda ya kubana kiuno, kuvuta mugongo kwa mizigo ao mashini, na dawa kali za jamii ya afyuni.

Tusome vizuri pale. OMS haikusema kupindua mugongo ni dawa kubwa. Imeweka kitu kile mu kapu moja na mazoezi na masaji, na faida yake inaonekana kuwa ya wastani. Tena inasema juu ya maumivu yaliyopita miezi 3 na *yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake*. Maneno yale ya mwisho, sisi wa Kongo tusiyaruke. Kwetu, ugonjwa mwingine unaweza kuwa nyuma.

Mugongo ambao mutu yeyote asiuguse

Kifua kikuu hakikaagi ku mapafu tu. Kinaweza kuingia mu mifupa ya mugongo, kukaa pale miezi, na kula mufupa polepole. Waganga wanakiita ugonjwa wa Pott. Mutu anaumwa mugongo mahali pamoja, usiku kuliko muchana, anakonda, anatoka jasho usingizini, mara zingine ana homa ya jioni. Mara nyingi hakohoi hata kidogo, na ndiyo sababu jamaa haifikiri kifua kikuu. Mwishoni mugongo unatoa nundu, miguu inaanza kulegea. Kama mutu kama huyu anapelekwa kwa mwenye kukanda, akakanyagwa ao akapindishwa, mufupa uliokwisha kuliwa unaweza kuvunjika na kukata njia ya mishipa. Mutu aliyeingia akitembea anabebwa wakati wa kutoka.

Na jambo la kuumiza roho ni kwamba ugonjwa huu una dawa. Mu nchi yetu dawa za kifua kikuu zinatolewa bure ku vituo vya programu ya taifa. Unameza kila siku kwa miezi mingi, bila kuacha, na watu wanapona. Wengi wanachelewa kwa sababu walitumia miezi 6 ya kwanza kwa mafuta, kwa chanjo za wembe na kwa sindano za ku soko.

Kwa hiyo, mbele ya mutu yeyote kushika mugongo wako, jiulize. Umeanguka kutoka juu ya muti, pikipiki ao mangazini? Unakonda bila sababu? Una homa? Maumivu yanakuamusha kila usiku hata ukilala vizuri? Mugongo unauma pembeni, chini ya mbavu, na mkojo unachoma ao una damu? Pale inaweza kuwa ni figo. Umepita miaka 50 na mugongo haujawahi kukuuma namna hii? Ulishapata kansa, ao unaishi na virusi vya UKIMWI? Kama jibu ni ndiyo, ni kituo cha afya kwanza.

Kisha kuna dalili ambazo hazingoji kesho. Mguu unakosa nguvu, unauburuta. Mkojo unakataa kutoka, ao unatoka bila wewe kujua. Sehemu za siri na katikati ya mapaja zinakuwa kama zimekufa ganzi. Ukiona moja ya hizi, panda pikipiki usiku uleule kuelekea hospitali kubwa. Ni mishipa imebanwa, na ikikaa imebanwa siku nyingi hairudi tena.

Tuongeze neno juu ya konzo, kwa sababu sisi ni walimaji wa muhogo. Konzo inakamata miguu miwili kwa mara moja, mu siku moja ao mbili tu, inakuwa mikavu kama miti, mutu anatembea ku vidole. Inajulikana sana mu Kwango na Kwilu, na imeonekana pia mu sehemu za Kivu ya Kusini. Inatoka ku muhogo muchungu usioloweshwa vya kutosha, wakati mutu hana maharagi, samaki ao nyama ya kusaidia mwili kuondoa sumu ile. Watoto na wamama ndio wanashikwa zaidi. Konzo si mugongo, na hakuna masaji itakayoilegeza. Kinga yake iko ku mayi: lowesha muhogo siku 3 nzima ao zaidi mpaka ulainike, hata kama njaa inasukuma na hata kama muchuuzi wa unga anangoja ku mlango.

Namna ya kusema na muuguzi

Muuguzi wetu anaona watu wengi kwa siku, na «mugongo inauma» anaisikia kutoka kwa kila mama. Ukisema vile tu, utarudi na parasetamoli. Afadhali umwambie hivi: «Muuguzi, mugongo inaniuma tangu miezi 2, hapa, mahali pa mkono wangu. Usiku inaniamusha. Kanzu yangu imekuwa kubwa, nimekonda. Na baba mukwe tulikuwa tunaishi naye nyumba moja, mwaka jana alikunywa dawa za kifua kikuu.» Kwa maneno yale muuguzi mwenye kusoma hawezi kukuachilia. Ataomba makohozi kama unakohoa, ao atakutuma kupiga radio ya mugongo. Wababa pia waseme. Tumeona wababa wengi wanasema «ni uchovu tu» mpaka miguu inakataa.

Upande mwingine, kama hakuna dalili hata moja kati ya zile, usilipe radio. Maumivu mengi ya mugongo hayaonekani ku picha, na picha ya mutu wa miaka 45 inaonyeshaga kuchakaa kidogo hata kama haumwi. Pesa ile inunue mbegu.

Ile mugongo ya kawaida

Mugongo wa kawaida wa mulimaji unakamata wakati wa kuinua ao kuinama, unauma chini kiunoni, mara zingine unashuka ku matako. Unatisha sana siku 3 za kwanza, na kwa watu wengi unapungua sana mu juma chache.

Wazee walikuwa wanasema alale. Leo tunajua kulala siku nyingi kunaharibu. Misuli inakuwa laini, kiuno kinakauka, na siku ya kurudi ku shamba unakamatwa tena. Pumzika siku moja ao mbili kama haiwezekani kusimama, kisha anza kutembea, hata kutoka nyumba mpaka ku kisima na mikono mitupu. Kitambaa kilichoingizwa mu mayi ya moto na kukamuliwa kinasaidia. Mutoto wa nyumba akupake mafuta na kukanda polepole. Ile ndiyo masaji, na haina deni.

Maumivu yakipungua, kuna mazoezi ya kufanya asubuhi ku mkeka, mbele ya jua kupanda. Lala chali, vuta goti moja mpaka ku kifua, hesabu mpaka 10, badilisha. Kisha kunja magoti, nyayo zibaki chini, inua kiuno juu mpaka mwili unyooke kutoka mabega mpaka magoti, shusha polepole, mara 10. Kisha simama kwa mikono na magoti kama mbuzi, inua mugongo juu kama paka aliyekasirika, na kuushusha. Watoto watacheka, waache wacheke. Ukifanya kila siku kwa miezi 2, kiuno kinakuwa na nguvu kuliko mukanda wowote unaouzwa ku soko.

Juu ya dawa, tunasema bila kuzunguka. Ibuprofeni ao diklofenaki ya kumeza inaweza kusaidia siku chache, baada ya kula, na si kwa mama mwenye mimba, si kwa mwenye vidonda vya tumbo, si kwa mwenye figo mbaya. Sindano za kila siku za ku soko ni kutupa pesa na kualika jipu. Vile vidonge vidogo vya deksametazoni ambavyo wengine wanameza ili «kupata nguvu» vinavimbisha uso, vinapandisha sukari na, mutu akivizoea, vinamaliza mifupa ileile uliyotaka kuponyesha. Na tramadoli, ambayo vijana wabebaji wanameza asubuhi ili wasisikie uzito, inafunga mutu. Maumivu ni kengele ya mwili. Kijana anayeizima na kubeba ataamka jioni na mugongo uliopasuka, na kesho yake atahitaji vidonge viwili.

Mikono ya nani?

Mwenye kusomea kiropraktiki hauwezi kumutafuta mu kijiji. Mwenye kazi ya karibu nayo kwetu ni kine, yule mufanyakazi wa afya anayefundisha mwili kutembea tena. Yuko ku hospitali kubwa nyingi, na ku vituo vya watu wenye ulemavu kama Heri Kwetu mu Bukavu ao Shirika la Umoja mu Goma. Kama maumivu yamepita miezi 3 na muuguzi ameangalia dalili zile zote, omba karatasi ya kukutuma kwa kine. Kine muzuri hatakurudisha kila juma mwaka muzima. Atakuonyesha mazoezi, atakuona mara chache, na atakuambia uendelee nyumbani.

Na mzee wa kukanda? Hatutamutukana. Yuko karibu, anajua majina ya watoto wako, anapokea kuku kama pesa haiko, na mikono yake inatuliza. Hata OMS inakubali masaji. Lakini weka mipaka naye, kwa heshima: «Baba, nikande na mafuta, lakini usinipindishe, usinikanyage, na wembe apana.» Wembe uleule kwa watu kumi unapeleka hepatiti na UKIMWI. Na shingo, hakuna mutu asiyesomea anayepaswa kuipindua kwa nguvu. Mishipa ya damu inayopanda ku ubongo inapita mu mifupa ya shingo. Ni mara chache, lakini mushipa ukipasuka pale mutu anapooza upande muzima. Mutoto muchanga, usimupeleke kabisa. Mwenye mufupa uliovunjika naye, akifungwa vijiti kwa kubana sana, anaweza kupoteza mkono ao mguu. Tumeona vidole vyeusi, na hakuna anayetaka kuona tena.

Muzigo

Yote tuliyosema mpaka sasa ni kutafuta mayi ya kuzima moto. Mwenye kuwasha moto ni muzigo na jembe.

Juu ya jembe, kuna hadithi moja ya kweli. Mu California, walimaji wa kulipwa, wengi wao wa kutoka Mexico, walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia saladi na jembe lenye mpini mufupi sana, wameinama siku nzima. Wenye mashamba walisema mpini murefu utaharibu mimea. Waganga walikwenda mbele ya serkali kueleza namna migongo ilivyoharibika. Mwaka 1975, baada ya mahakama kuu ya jimbo kutoa uamuzi, jembe lile likakatazwa. Saladi iliendelea kuota. Kwetu jembe fupi lina kazi yake ku mlima mukali na kwa kuvuna viazi, lakini kwa kupalilia ku tambarare, mpini unaofika ku kifua unawezekana. Fundi wa mbao anaukata kwa muda mufupi.

Muzigo ni jambo gumu zaidi. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20, na mutoto wa kike wa miaka 10 anaibeba mara mbili kwa siku. Mama wa Kabare ao Walungu anayeshuka na kamba ku paji la uso anabeba mizigo inayopita kilo 50, na mara zingine inapita uzito wake mwenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa liliomba nchi zishushe muzigo wa mwanaume mukubwa mpaka usipite kilo 55, na wa mwanamke uwe mudogo sana kuliko ule. Gunia letu la kilo 100 linapita mbali, na si kubwa kwa mugongo tu: mama aliyezaa juzi akiubeba muzigo ule, kizazi kinaweza kushuka.

Namna ya kuinua inasaidia: miguu iachane, magoti yakunjike, muzigo ubanwe karibu na tumbo, na usijipinde kiuno ukiwa umeubeba, geuka na miguu. Bidoni iliyokamatwa mbali na kifua inaumiza kuliko muzigo muzito zaidi uliobanwa. Mu depo, wekeni meza ao mbao za kimo cha kiuno, ili gunia lisianzie chini. Ku barabara inayokubali, chukudu inabeba muzigo ambao wamama watano wangeinama nao, na koperative inaweza kuwa nayo yake. Watu wa Goma waliiwekea chukudu sanamu mu muji, na hawakukosea.

Lakini namna nzuri ya kuinua haitoshi kama gunia lenyewe ni kubwa kuliko mutu. Na hapa pesa inaingia. Muchuuzi anayenunua kwa gunia anapenda gunia lililojazwa mpaka linashonwa na kichwa juu. Kile kichwa ni kilo ambazo hazilipwi, na ndizo zilezile zinazovunja kiuno cha mubebaji. Memba anapoteza mara mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza hili liingizwe ku orodha ya mukutano mukuu ujao, mbele ya mavuno: gunia la kilo 50 tu, na kuuza kwa mizani, si kwa macho. Kutakuwa na ubishi. Magunia yatahitajika mara mbili, na ile ni gharama ya kweli. Muweka hazina aje na hesabu. Wabebaji watauliza, na wana haki: tutafanya safari mbili kwa pesa ya safari moja? Kama walikuwa wanalipwa kwa gunia, wakubaliane na komite juu ya bei ya kilo, na bei ile ihesabu safari ya pili. Muchuuzi atasema atakwenda kununua ku kijiji kingine. Kama kijiji kile nacho kiko mu shirikisho moja na nyinyi, semeni nao mbele yeye hajafika.